Kiingilio nafuu cha maigizo ya jukwaani Mbeya na Iringa: mnanunua lini, mnakaa wapi?

Mnyalu_wa_Mafinga

Wakuu, habari za jioni. Kuna kundi la maigizo linapita nyanda za juu mwezi ujao. Wanaanza Mbeya mjini Jumamosi, wiki inayofuata Iringa Jumamosi na Jumapili. Bango linasema kawaida 10,000 ukilipa mapema, 15,000 mlangoni, VIP 40,000. Tuko wanne: watu wazima wawili, mtoto wa miaka 11 na mwingine wa miaka 4.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Je, ni kweli bei hushuka ukisubiri siku yenyewe? VIP ina maana yoyote kwenye igizo, au ni soda na kiti cha kitambaa? Na nitajuaje kwamba namba ya kulipia iliyo kwenye bango ni ya wenyewe? Natokea Mafinga, kwa hiyo usafiri nao ni sehemu ya gharama.

---

Mama_Tiketi_Sokomatola

Mkuu, bei ya mapema ipo kwa sababu moja: mwandaaji anadaiwa advansi ya ukumbi, mafuta ya jenereta na mabango kabla hajauza hata kiti kimoja. Anayenunua mapema ndiye anayelipa ile advansi, ndiyo maana anapunguziwa. Pesa ya ukumbi ikishatimia, hana haraka tena na wewe. Kwa kawaida dirisha la bei ya chini hufungwa siku 3 hadi 7 kabla ya onesho, na wengine hulifunga kwa idadi, mfano tiketi 100 za kwanza. Uliza ni lipi kati ya hayo mawili. Kama ni idadi, tarehe uliyoiona kwenye bango haikusaidii.

Kuhusu kushuka siku yenyewe: hutokea, lakini si pale unapodhani. Onesho la kwanza la Jumamosi usiku halishuki. Linaloshuka ni la pili, hasa Jumapili mchana, kwa sababu ukumbi umeshalipiwa, wasanii wameshalala gesti, na kiti kikibaki kitupu hakimwingizii mtu chochote. Kwa hiyo Iringa Jumapili ndiyo siku yako ya kuuliza punguzo. Mpigie mwandaaji Jumamosi asubuhi, kabla hajajua Jumamosi yake imejaaje. Usimwambie "nipunguzie". Mwambie mko wangapi na mtalipa saa hiyo hiyo.

Kundi la watu kumi karibu kila mara linapata kiti cha kumi na moja bure, ilimradi mtu mmoja akusanye pesa na kulipa kwa mkupuo. Ofisi moja ya walimu pale Mafinga inatosha. Wanafunzi wa vyuo waulizie bei ya kitambulisho hata kama haikuandikwa kwenye bango. Mara nyingi ipo, hawaitangazi tu ili isiue ile ya kawaida.

Halafu redio za hapa mjini. Mwandaaji asiye na pesa ya tangazo hulipa kwa tiketi, na kituo kinazigawa hewani kwa maswali mepesi. Wiki ya mwisho sikiliza vipindi vya asubuhi na vya jioni. Ukishinda, uliza zinachukuliwa wapi na mwisho saa ngapi, maana tiketi ya redio ambayo haikuchukuliwa huishia kwa rafiki wa mtangazaji.

---

FundiSauti_Uyole

Mama Tiketi kamaliza upande wa pesa, ila kwenye viti na sauti naongeza, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza hela yao bila kujua.

Kumbi zetu nyingi, Mbeya na Iringa, ni za harusi na mikutano. Sakafu ni bapa, viti ni vya plastiki au vya chuma vya kupanga, na jukwaa lina kimo kama cha goti hadi kiuno. Kwa mtu anayeimba amesimama, hiyo inatosha. Kwa igizo haitoshi. Mwigizaji akikaa kwenye kigoda, akipiga magoti au akifa pale chini (na kwenye maigizo yetu lazima mtu afe), kuanzia safu ya saba au ya nane huoni kitu zaidi ya visogo.

VIP nayo ina tatizo la kinyume. Ni masofa yaliyosogezwa mbele kabisa, chini ya ukingo wa jukwaa. Unatazama juu kama mtu aliye chini ya mwembe, huoni miguu ya mwigizaji wala kilichowekwa nyuma ya jukwaa. Na spika mbili kubwa zimesimama sakafuni kushoto na kulia, mita mbili tatu kutoka kwenye sofa la pembeni. Kwa 40,000 unanunua maumivu ya sikio moja. Kwenye dansi na vichekesho VIP ina raha yake, msanii anakuja kukutania pale mbele. Kwenye tamthilia hapana.

Kaa safu ya 3 hadi ya 6 ya kawaida, karibu na katikati, kiti cha kandokando ya njia ya kupita. Ile njia inakupa uwazi hata kama aliye mbele yako ni mrefu au kafunga kilemba. Kwa kuwa viti vya kawaida havina namba, kufika mapema ndiyo "VIP" yako: dakika 45 kabla ya muda wa bango zinatosha. Kama ukumbi una roshani, safu yake ya kwanza ni nzuri kuona, lakini usikae chini ya roshani hiyo. Sauti pale inafika imefifia na maneno yamechanganyika.

Kingine ni maiki. Kabla hujalipa, uliza kundi linatumia maiki za kubana kwenye nguo au wanashika mkononi. Za kubana zikiwa nyingi na fundi akaziacha zote wazi, zinaokota sauti ya spika na kuirudisha, ndipo unasikia ule mlio mkali wa filimbi. Fundi makini hufunga maiki ya kila asiye jukwaani. Kundi lililozoea kupaza sauti bila maiki, kwenye ukumbi wa watu 200 au 300, ni zuri zaidi kuliko yote hayo, mradi feni zimezimwa.

Mvua pia. Huku kwetu msimu ni mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili na wakati mwingine Mei. Ukumbi wa bati usio na dari, mvua ikishuka, hata spika za mkutano wa hadhara hazifui dafu. Miezi hiyo chagua ukumbi wenye dari. Juni na Julai tatizo linageuka: kukavu, sauti safi, lakini Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kiti cha plastiki saa 3 usiku kinavuta baridi mpaka mfupani. Beba koti na kitu cha kukalia.

Na jenereta. Likiwekwa nyuma ya ukuta wa jukwaa, unasikiliza injini saa mbili nzima. Ukifika ukalisikia pale, hamia upande wa pili wa ukumbi mapema.

---

Afisa_Mstaafu_Njombe

Kamwene mwose. Kwa swali la namba ya kulipia.

Mwandaaji wa kweli anatumia lipa namba ya biashara, si namba ya mtu binafsi. Ukiingiza lipa namba kwenye simu, kabla ya kuweka namba ya siri jina linatokea. Jina hilo lilingane na lililo kwenye bango au kwenye ukurasa wa kundi. Likitokea jina la mtu usiyemjua, acha hapo hapo, piga simu kwanza ukumbini. Ukumbi unajua nani kaukodi na siku gani. Simu hiyo moja inaua utapeli mwingi kuliko kukagua mabango, kwa sababu tapeli anaweza kunakili bango lakini hawezi kukodi ukumbi.

Njia ya pili ni vibali. Igizo la jukwaani nchini kwetu liko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na kibali chake kinahusu Bodi ya Filamu. Wasanii wenyewe na matukio ya sanaa wako kwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mbali na hayo, afisa utamaduni wa halmashauri hupewa taarifa ya onesho linaloingia kwenye eneo lake. Huna haja ya kudai kukaguliwa karatasi, ila ofisi hiyo ni ya umma, na swali la "Jumamosi kuna onesho kweli?" linajibiwa dakika moja.

Ukishalipa, tunza ujumbe wa muamala hadi onesho liishe. Tiketi ya simu yenye ule mraba wa vidoti husomwa mara moja tu: wa kwanza kuipitisha mlangoni ndiye anayeingia. Watu wanaweka picha ya tiketi kwenye status ya WhatsApp kujivunia, mwingine anaipiga skrini na kutangulia. Baunsa hatakuelewa.

Onesho likiahirishwa, dai kwa maandishi uchague: tarehe mpya au pesa yako. Ukinyamaza, utahesabiwa kwamba umekubali tarehe mpya.

---

Konda_Ipogolo

Naona mnahesabu tiketi mnasahau nauli. Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita 80. Mafinga hadi Mbeya ni karibu 250. Kwa watu wanne Mbeya haipo kwenye hesabu, labda una ndugu wa kulala kwake.

Sasa Iringa Jumamosi usiku. Bango likisema saa 12 jioni, maana yake ni milango. Igizo lenyewe hesabu saa 1:30, likiisha ni saa 4. Gari za Mafinga muda huo hamna. Utasema mabasi ya usiku ya Dar kwenda Mbeya yapo tangu yaruhusiwe kutembea saa 24 mwaka 2023. Yapo, ila yanapita barabara kuu kule chini, hayapandi mjini, yanaingia yamejaa, na kwa kipande kifupi anaweza kukutajia nauli anayotaka. Ukiwa na mtoto wa miaka 4 usicheze hiyo kamari. Gesti ya usiku mmoja nayo inakula tofauti yote uliyookoa kwenye bei ya mapema.

Jumapili mchana inakutoa hapo. Igizo la saa 8 likichelewa hadi saa 9, saa 11 na nusu mko nje, na gari bado zipo. Tokeni mkijua bajaji itawashusha stendi au kwenye barabara kuu Ipogolo, elewaneni bei kabla hamjapanda, kwa sababu watu 300 wakitoka kwa pamoja bei inabadilika mbele ya macho yenu.

---

Mnyalu_wa_Mafinga

Nimewapata wote, nashukuru sana. Basi ni Iringa Jumapili. Watoto je? Na kuna pa kuona maigizo bila kusubiri makundi ya kutoka mbali? Huku tunaona mara moja kwa msimu.

---

Mama_Tiketi_Sokomatola

Wa miaka 4 kwa kawaida hakai kwenye kiti, halipi. Wa miaka 11 wengi wanamtoza nusu, baadhi kamili. Muulize mwandaaji kwa ujumbe, si kwa simu, ili umwoneshe mtu wa mlangoni jibu lake. Uliza pia igizo linahusu nini, maana neno "la familia" kwenye bango huandikwa hata pale ambapo nusu ya pili ni ulevi na vipigo. Na kaeni mwisho wa safu, karibu na mlango wa choo. Maigizo yetu mengi hayana mapumziko.

---

Mwalimu_wa_Fasihi_Kihesa

Bila kusubiri makundi: Iringa na Mbeya ni miji ya vyuo, na siku za utamaduni, mahafali na wiki za wanafunzi huwa na maigizo ya bure au ya kiingilio cha soda. Hayatangazwi mjini, yanabandikwa kwenye mbao za matangazo za chuo. Mtafute mwalimu mmoja wa fasihi au wa lugha akupe tarehe. Makanisa nayo, kwa Krismasi na Pasaka: maigizo ya vijana na kwaya, bure, na baadhi yana mazoezi ya miezi mingi kuliko kundi la kulipia.

Ukitaka kuona jukwaa lililojengwa kwa ajili ya jukwaa, panga safari ya Bagamoyo mara moja kwa mwaka. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ina tamasha lake la kila mwaka, na kwa siku chache unaona ngoma, sarakasi na maigizo mfululizo kwa kiingilio kidogo kuliko usiku mmoja wa VIP hapa. Tarehe hubadilika, kwa hiyo subiri tangazo la taasisi yenyewe ndipo uombe likizo.

Kwa anayetoka huku, si lazima kuingia Dar. Shuka Chalinze, chukua gari hadi Msata, halafu Msata hadi Bagamoyo, lami ya kilomita 64. Basi litakutoza nauli ya Dar hata ukishuka Chalinze, lakini unaokoa foleni ya kuanzia Kibaha. Fanya hivyo kama unafika Chalinze kabla ya saa 10 jioni. Ukichelewa, endelea hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi, lala, asubuhi nenda Makumbusho ukapande gari za Bagamoyo.

---

FundiSauti_Uyole

Mwalimu, na kule Bagamoyo joto. Koti la Mbeya waliache nyumbani, wabebe maji.