M-CSF, IL-34 au GM-CSF: ipi ya kulishia mikroglia za panya?

Seli_Pweke
Wakuu, habari za kazi. Oda inatoka wiki hii na bajeti inabeba saitokini (protini ya ishara kati ya seli) moja, ikibidi mbili. Seli ni mikroglia (seli za kinga za ubongo) za panya wa aina ya C57BL/6, vichanga wa siku 0 hadi 3. Nataka kupima umezaji wa vipande vya sinapsi, kisha TNF na IL-6, saitokini za uvimbe, kwa qPCR (kipimo cha wingi wa RNA). Nimebaki na M-CSF ya panya iliyotengenezwa ndani ya E. coli, IL-34 ya panya kutoka seli za mamalia, na GM-CSF. Zote zinasifiwa kwamba zinakuza mikroglia, na IL-34 ndiyo ghali kuliko zote. Mngechukua ipi?

Mzee wa Pipeti
M-CSF, kama unazitoa kwenye mchanganyiko wa glia (seli saidizi za ubongo) wa kawaida. Midia ya DMEM (maji ya kulishia seli) yenye seramu 10%, chupa ya T75 iliyopakwa poli-D-lisini, unasubiri astrosaiti, glia za aina nyingine, zifunike sakafu yote. Kati ya siku ya 10 na ya 14 unatikisa kwa mizunguko 180 kwa dakika, saa 1, nyuzi 37, halafu unakusanya zinazoelea. Usitikise usiku kucha kwa tamaa ya wingi. Seli tangulizi za oligodendrosaiti nazo zitang'oka, na utazihesabu kama mikroglia.

Humo ndani ya chupa astrosaiti zenyewe zinatoa M-CSF, kwa hiyo mikroglia zinaishi bila kuongezewa kitu. Shida inaanza ukishazitenga. Hapo 10 hadi 20 ng/ml inatosha.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu: seli zinaila M-CSF. Kipokezi chake, CSF1R, kikiishika kinazama nayo ndani ya seli na inavunjwa huko. Seli zikiwa zimesongamana, 20 ng/ml ya Jumatatu haifiki Jumatano. Ukiona siku ya 3 au ya 4 zinajikunja na kung'oka, kabla ya kukilaumu kichupa lisha mara nyingi zaidi uone.

Binti Neva
Mzee, shikamoo, ila hapa napinga, kwa sababu ya swali lenyewe. Anapima umezaji. Mikroglia ndani ya ubongo mzima hazikutani na seramu mpaka kizuizi cha damu na ubongo kivuje. Ukiziweka kwenye seramu zinabadilika umbo, zinazaliana, na zinameza kupita kawaida yake. Atakuwa anapima kazi ya seramu.

Maabara ya Ben Barres pale Stanford ilitoa mwaka 2017 midia isiyo na seramu, kwa mikroglia za panya wakubwa wa maabara (rat): IL-34 100 ng/ml, TGF-β2 2 ng/ml, kolesteroli 1.5 µg/ml. Toa kimojawapo na seli zinapungua wazi.

Na IL-34 ina mantiki yake kianatomia. Inatolewa zaidi na niuroni za ubongo wa mbele, yaani gamba, hipokampasi na striatamu. M-CSF ina nguvu zaidi kwenye serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma) na mata nyeupe. Panya waliofutiwa jini ya IL-34 wanapungukiwa mikroglia kwenye gamba na hipokampasi, huku serebelamu ikibaki karibu kama kawaida. Kama sinapsi zake ni za gamba, ningeanzia hapo.

Mzee wa Pipeti
Marahaba. Kuhusu seramu umenishinda. Kuhusu IL-34 bado. Kazi hiyohiyo ya 2017 inaitaja M-CSF na IL-34 kama mbadala wa kila mmoja kwenye kuziweka hai, maana kipokezi ni kilekile. Tofauti ya gamba na serebelamu inatokana na nani anatoa nini na wapi. Kwenye kisahani wewe ndiye unayetoa. Kwa hiyo: midia bila seramu, M-CSF ya bei nafuu, na pesa inayobaki ikanunue TGF-β. Mikroglia zisizo na TGF-β zinapoteza alama zake za utambulisho, P2RY12 na TMEM119, haraka zaidi, uwe umezipa IL-34 au M-CSF. Hata nayo, alama hizo hazirudi zote kama zilivyo ndani ya ubongo.

Labu ya Ghorofani
GM-CSF iondoe kwenye orodha. Kipokezi chake ni kingine kabisa, kinapitia njia ya ishara ya JAK2 na STAT5. Seli utazipata nyingi na zitakufurahisha machoni, lakini alama za CD11c na MHC II zinapanda na unaishia na kitu kinachoelekea seli za dendriti. Ina mahali pake kwa anayesoma uvimbe wa ubongo, mfano EAE (ugonjwa wa kinga kushambulia ubongo, unaosababishwa kwa panya wa majaribio), ambako GM-CSF ya seli T ni mhusika mkuu. Wewe si huyo.

Dokezo la bei: M-CSF ya binadamu inafanya kazi kwenye seli za panya. Kinyume chake hakifanyi. Kama friza ya jirani ina ya binadamu, omba ujaribu kabla ya kununua. Kwa GM-CSF usijaribu, ya binadamu na ya panya hazisikilizani upande wowote.

Seli_Pweke
Asanteni. Nauliza mawili. Hii ya E. coli si itakuwa na LPS (endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria), na mimi napima TNF? Na kila kichupa kina toleo lenye albumini na lisilo nayo, tofauti ni nini kwangu?

Kipimo Sahihi
LPS ndiyo hoja nzito kuliko yote humu, tuikalie kidogo.

Tafuta kwenye cheti cha kundi la uzalishaji namba ya endotoksini kwa kila µg ya protini. Tuseme ni 1 EU/µg (EU ni kizio cha endotoksini). Ukitumia 20 ng/ml, unaingiza 0.02 EU/ml. EU 1 ni takriban 0.1 ng ya LPS, kwa hiyo ni kama 2 pg/ml. Kwa 100 ng/ml inakuwa 10 pg/ml. Ni kidogo, lakini mikroglia zina TLR4, kipokezi cha LPS, ya kutosha, na seramu ina protini LBP inayoikabidhi LPS kwa CD14 iliyo juu ya seli. Cheti kikisema "chini ya 0.1 EU/µg" unagawanya yote kwa 10. Na usidhani protini ya seli za mamalia ni safi kwa asili yake: maji, bafa na albumini vyote vinaweza kuleta LPS.

Kontroli tatu, kwa mpangilio wa bei. Kwanza, chemsha sehemu ya saitokini nyuzi 95 kwa dakika 30. Protini inakufa, LPS inastahimili. Ikiwa TNF bado inapanda kwa iliyochemshwa, umepata jibu. Hakikisha lakini kwamba iliyochemshwa haiwezi tena kuziweka seli hai, la sivyo kontroli haina maana. Pili, polimiksini B, inashika LPS. Jaribu 10 µg/ml, ukiwa na kisima chenye polimiksini peke yake kwa sababu ikizidi ni sumu kwa seli. Tatu, mikroglia za panya C3H/HeJ, ambao TLR4 yao ina kasoro na hawaisikii LPS.

Albumini: kwa kulisha seli, chukua yenye nayo. Protini chache ndani ya bafa tupu zinaganda kwenye plastiki ya tyubu na dozi yako inabaki ukutani. Isiyo nayo ni kwa anayetaka kuunganisha rangi kwenye protini, kuipima kwa BCA, au kuipeleka kwenye spektrometa ya masi.

Binti Neva
Naongezea njia ya kuyeyusha, maana hapa ndipo vichupa vya pesa nyingi vinapofia. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji sekunde chache kabla ya kufungua, unga mwingi uko kwenye kifuniko. M-CSF: PBS (bafa ya chumvi) safi yenye albumini 0.1%, mpaka 100 µg/ml, kama karatasi ya kichupa haisemi vingine. Acha itulie dakika 15 hadi 30, igeuze polepole, usiitikise kwa voteksi wala kupiga povu. Gawa 10 µl kwa 10 µl kwenye tyubu zisizoshika protini, weka nyuzi -80. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, joto lake linapanda na kushuka.

TGF-β usiiyeyushe kwa PBS. Inataka HCl 4 mM yenye albumini 1 mg/ml. Kwenye bafa isiyo na asidi inaganda na kushika ukuta, na utaanza kusema midia haifanyi kazi.

Unga mkavu hauhitaji barafu kavu njiani, hivyo mzigo ukichelewa forodhani siku kadhaa usikate tamaa. Kilichokwishayeyushwa ndicho cha kuogopea umeme kukatika.

Panya Mweupe
Kuna sababu ya kutotumia tu maji yaliyokuzia seli za L929? Yana M-CSF na ni ya bure.

Kipimo Sahihi
Kwa makrofaji za uboho, sawa. Kwa kazi hii, hapana. Kila kundi lina kiasi tofauti cha M-CSF na vitu vingine usivyovijua, na kwa kawaida L929 zimekuzwa kwenye seramu, yaani unairudisha kwa mlango wa nyuma baada ya kuitoa. Na kwa wanaofikiria BV-2, mikroglia za kudumu za maabara: zile zimegeuzwa kwa jini za saratani v-raf na v-myc, zinazaliana bila M-CSF, hivyo haziwezi kukuambia kama kichupa chako ni kizima. Kupima uzima tumia seli za M-NFS-60, zinategemea M-CSF.

Mzee wa Pipeti
Hesabu ya oda, ili usinunue nusu. Kisahani cha visima 24, 0.5 ml kila kisima, ni 12 ml. Siku 10: unajaza mara moja, kisha unabadilisha nusu mara 4. Ile nusu mpya iwe na dozi mara mbili, kwa sababu iliyobaki chini uihesabu imeshaliwa.

M-CSF kwa 20 ng/ml: 240 ng za kuanzia, na 6 ml × 40 ng × 4 = 960 ng. Jumla 1.2 µg kwa kisahani, kwa hiyo kichupa cha 10 µg kinabeba visahani 8. IL-34 kwa 100 ng/ml ni 6 µg kwa kisahani, kichupa kama hicho kinamaliza kimoja na kubaki makombo.

Dozi ya kwanza ya M-CSF kutoka 100 µg/ml ni 2.4 µl tu ndani ya 12 ml. Tengeneza kwanza ya kati, 10 µg/ml kwa midia hiyohiyo yenye albumini, uvute 24 µl. Ya kati haihifadhiwi, tumia siku hiyohiyo.

Seli_Pweke
Nimeelewa. Naagiza M-CSF yenye albumini na TGF-β2, bila seramu, na kisima cha iliyochemshwa kwenye kila kisahani. Kolesteroli ninayo ya unga, naiyeyusha kwa nini?

Binti Neva
Ethanoli safi, 1.5 mg/ml, kisha 1 kwa 1000 kwenye midia. Ipashe nyuzi 37 na uimimine polepole huku ukizungusha midia, ukiiweka baridi inatoa fuwele. Kontroli zote zipewe ethanoli kiasi kilekile, 0.1%.