Tupeane uzoefu: data ya hesabu inapogoma kuingia kwenye fomu ya VAT

Mshika Daftari, Malindi
Wenzangu wa hesabu, salaam. Tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), inabisha hodi, na kila mwezi ni yale yale: kwenye programu ya hesabu mambo yamenyooka, ukiyaingiza kwenye fomu ya Excel ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA, ama inakataa ama inameza upuuzi. La pili ndilo baya zaidi. Ikikataa utajua papo hapo. Ikimeza, utajulishwa na barua ya kodi. Leteni visa, na tafadhali asije mtu na "zima kompyuta uwashe tena".

Naanza mimi. Kuna hoteli moja hapa, mwenyewe Mtaliano, na laptopu yake iko kwenye mipangilio ya Kitaliano. Huko kwao mkato ndio wa desimali na nukta ndiyo ya maelfu: 1.250,50. Na kwa kuwa mkato una kazi hiyo, CSV yake (faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa alama) inatenganishwa kwa nukta-mkato. Ikifunguliwa kwangu, mstari mzima unajazana kwenye seli moja. Karani aliyekuwapo alikuwa akigeuza nukta-mkato zote kuwa mikato, basi 1.250,50 inakatika vipande viwili: 1.250 inabaki, 50 inahamia safu ya jirani, na kila kilicho kulia kinasogea. Elfu moja na ushei inasomeka shilingi moja!

Dawa ni mpangilio wa hatua. Ondoa kwanza nukta za maelfu kwenye safu za pesa, kisha mkato wa desimali uwe nukta, nukta-mkato ziwe za mwisho kabisa. Njia nyepesi zaidi ni kubadilisha eneo kwenye Windows liwe Kenya kabla ya kutoa faili. Mwenye hoteli alikataa, ati barua zake za Kitaliano zitaharibika. Nikamfungulia moja, akaiona iko vile vile, ndipo akatulia.

Binti wa Shela
Yangu haikukataa hata mara moja, ndiyo maana ilikaa muda bila kugundulika. Nyumba ya wageni, mgeni analipa 11,800: chumba 10,000, VAT 1,600, na tozo ya utalii ya asilimia 2 ambayo ni 200. Programu ilikuwa ikitoa safu ya jumla. Fomu yenyewe inataka thamani kabla ya VAT, halafu inapiga asilimia 16 peke yake. Kwa hiyo ikapiga juu ya 11,800, ikatoka 1,888. Shilingi 288 zaidi kwa kila bili ya namna hiyo, na tajiri analalamika kodi imepanda!

Mimi siku hizi sibonyezi kuhakiki kabla ya kulinganisha VAT iliyotoka kwenye fomu na akaunti ya VAT kwenye vitabu. Zikipishana hata kwa mia, narudi nyuma.

Langoni Hapa
Na hiyo 200 isiingie VAT kabisa, dadangu. Ina njia yake, inakwenda Tourism Fund, mfuko wa utalii.

Kijana wa Mokowe
Duka la vifaa vya ujenzi, manunuzi mengi. Namba za ankara za mashine ya kodi ni ndefu, na Excel haishiki zaidi ya tarakimu 15 kwenye namba. Ukiifungua CSV kwa kubofya mara mbili, zinazobaki zinageuka sufuri, au unaona 4.07E+18. Ukihifadhi hapo, kwaheri, hazirudi. Fungua Excel tupu, leta faili kupitia Data, na safu hiyo uitangaze kuwa maandishi kabla haijaingia.

PIN, yaani namba za mlipa kodi, nazo zinachosha. Ni herufi na tarakimu 11 kwa jumla, ila mtu akiinakili kutoka WhatsApp inakuja na nafasi tupu mkiani ambayo jicho halioni. Weka =LEN pembeni, fomula ya kuhesabu herufi zilizo kwenye seli; ukipata 12 umemshika mwizi. Mwingine kaandika herufi O mahali pa sufuri, huyo LEN haimpati.

Mama Hesabu
Hamjataja tarehe. Kompyuta ikiwa na mipangilio ya Marekani, 25/04 inakataliwa kwa sababu hakuna mwezi wa 25, basi mtu anarekebisha zile zilizokataliwa tu na kuona kamaliza. Kumbe 03/04 imepita kimya kimya kama Machi 4. Ukiona nusu ya tarehe zimelalia kushoto kwa seli (hizo Excel imezisoma kama maandishi tu) na nusu kulia, usirekebishe moja moja, rudia kuingiza faili zima.

Mgeni wa Watamu
Mimi hata hapo sijafika kaka. Fomu nimeipakua, vitufe vyote nikibonyeza havifanyi kitu.

Mshika Daftari, Malindi
Makro zimefungwa, zile programu ndogo zinazoendesha vitufe vya fomu. Excel za sasa huzizuia kwenye faili lililotoka kwenye intaneti. Funga fomu, bofya kulia kwenye faili lenyewe, ingia Properties, chini kabisa weka alama kwenye Unblock, kisha fungua upya. Na ukishahakiki likatoka lile faili la zip, lipandishe na jina lake hilo hilo refu. Usilibatize "VAT ya Aprili".

Mgeni wa Watamu
Vitufe vimeamka. Sasa inaniambia kuna makosa 43.

Kijana wa Mokowe
Anza na PIN.