Tupeane uzoefu: desktop yako uliifanyaje mpaka ikashika WiFi?

Babu Steshenari (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Nina kachumba ka steshenari hapa Mwanga. Mashine yangu ni desktop ya ofisini, zile zilizotumika zinazotoka Dar, ngumu kama gogo ila WiFi haina. Mlango wa waya wa neti upo nyuma, lakini ruta iko kwa shemeji, nyumba ya pili. Tumekubaliana kuchangia bili, yeye nusu mimi nusu.

Miaka miwili nimeishi kwa simu. Naichomeka kwa waya wa kuchajia, nawasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, mashine inapata neti. Na kwa asiyejua: simu yako ikiwa imeunga WiFi, simu nyingi zinapitisha WiFi hiyo hiyo kwenda kwenye desktop, bando haliguswi. Shida inaanza simu ikiita. Mtoto wa watu anajaza fomu ya chuo, mimi naitikia "haloo", waya unacheza, ukurasa unarudi mwanzo. Ananiangalia kwa jicho ambalo hata mama mkwe hajawahi kuniangalia.

Mwezi jana nikaagiza adapta ya USB ya kushika WiFi kutoka Kariakoo, ikaja na basi. Kadude kadogo kuliko kucha ya dole gumba. Nakachomeka, mashine inalia, inaniletea CD. CD! Mlango wa CD kwenye mashine hii ulikufa zamani. Nikajua nimeuziwa flashi mbovu. Nikampigia muuzaji nimefura, akaniacha nimalize, akasema taratibu: "Bosi, ifungue hiyo CD." Kumbe draiva, yaani programu ya kuitambulisha mashine kifaa, imo ndani ya kadude kenyewe. Kakichomekwa mara ya kwanza kanajifanya CD, ukishaweka programu iliyomo ndipo kanageuka kuwa WiFi. Nilimtumia migebuka mikavu kwa basi lile lile kuomba radhi.

Sasa inashika, lakini mistari miwili, na mara nyingi mmoja. Wengine mlifanyaje? Msilete nadharia, leteni yaliyowakuta.

Mama Asali (Isevya, Tabora)

Babu, wewe draiva yako ilikuwa ndani. Yangu ilikuja kwenye CD kweli, kale kadogo, na mlango wa CD sina. Mashine yangu Windows 7, haikitambui kifaa bila draiva. Draiva iko intaneti, intaneti inataka draiva. Nikaishusha kwa simu, nikaihamishia kwenye mashine kwa waya. Ikagoma. Nikashusha nyingine, ikagoma. Siku tatu.

Kijana wa jirani alipokuja akakigeuza kile kifaa, akamulika tochi ya simu, akanionyesha maandishi madogo kama chunguchungu: "Ver 3". Mimi nilikuwa nashusha ya toleo la kwanza. Sanduku moja, jina moja, ndani vitu viwili tofauti.

Fundi Redio (Ujiji)

Mama Asali kasema kweli, na si kifaa chake tu. TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza lina chipu ya Atheros, la pili na la tatu lina Realtek. Jina hilo hilo, draiva mbali mbali. Soma kibandiko kabla hujashusha kitu.

Babu, swali: kadude umekachomeka wapi?

Babu Steshenari

Nyuma, fundi. Mbele tundu zote mbili zina kazi.

Mnyamwezi Mtulivu (Cheyo, Tabora)

Mimi nilivuta waya tu. Mita 40, waya wa neti aina ya Cat5e, inaruhusu mpaka mita 100. Kasi haikuwa na mpinzani. Halafu radi ikapiga karibu na mwembe wa uani, mlango wa neti wa desktop ukafa, wa ruta ukafa. Ndiyo sababu leo nipo kwenye uzi huu wa WiFi.

Fundi Redio

Pole mkuu. Waya wa kupita nje na mvua za huku si marafiki.

Sasa Babu, sikia. Kasha la CPU ni bati tupu. Ukichomeka nyuma, CPU iko chini ya meza imeegemea ukuta, umeifunika redio kwa sufuria halafu unalaumu stesheni. Tafuta waya wa kurefusha USB, wa mita moja au mbili, ukipandishe kifaa juu, upande unaotazama kwa shemeji. Ukipata dirisha, bora zaidi, maana matofali ya kuchoma yanapunguza mawimbi.

Na tundu za bluu, yaani USB 3.0, ziangalie. Zikiwa zinahamisha data zinatoa kelele ya mawimbi inayoangukia kwenye masafa ya GHz 2.4, pale pale adapta yako inaposikilizia. Intel waliliandika hilo mwaka 2012. Nina mteja hapa Ujiji anapiga video za harusi. Kila akinakili kwenye diski ya nje, WiFi inakata, akimaliza, inarudi. Walishaanza kusema nyumba ina wenyewe. Nilihamisha adapta ikawa mbali na ile diski, wenyewe wakahama.

Mimi binafsi kwa desktop napenda kadi ya WiFi ya PCIe, ile inayochomekwa kwenye madabodi, inayokaa ndani na antena zake kutoka nje. Ila kama CPU yako ni nyembamba, hakikisha kadi imekuja na kibati kifupi, vinginevyo haifungi. Na zile zenye Bluetooth zina kawaya kanakokwenda kwenye pini za USB za madabodi. Watu wanakaacha kwenye boksi, halafu wananipigia: "Fundi, WiFi ipo, Bluetooth hakuna." Kuna mmoja hata antena aliziacha kwenye boksi. Alisema zinaharibu sura ya mashine.

Kijana wa Ipuli (Tabora)

Yangu fupi. Simu inaiona WiFi, simu ya mke inaiona, desktop haioni. Inaona za majirani tu. Nikaweka Windows upya mara mbili. Kumbe ruta ilikuwa imewekwa GHz 5 peke yake na adapta yangu inajua 2.4 tu. Nikaingia kwenye ruta, nikawasha 2.4, jina likatokea.

Mama Asali

Windows mara mbili, mwanangu?

Kijana wa Ipuli

Mara mbili, mama. Na hesabu za kikoba zilikwenda nazo.

Tajiri Mtoto

Si mnunue tu laptop?

Mnyamwezi Mtulivu

Tutumie hela.

Babu Steshenari

Wakuu, mrejesho. Waya wa kurefusha nimeupata sokoni, si mzuri lakini unasoma. Kadude nimekafunga kwa mpira wa noti kwenye nondo ya dirisha, kanatazama kwa shemeji kama kanachunga mbuzi. Mistari minne! Asubuhi nimetuma fomu sita bila kugusa simu, mchana nikashusha Windows nzima.

Saa kumi neti ikakata. Nimehangaika na draiva saa nzima, nikatoa, nikarudisha, fundi shahidi nimempigia mara tatu. Ndipo mtoto wa shemeji kapita hapa kununua kalamu, ananiambia baba kabadilisha nywila kwa sababu mechi ilikuwa inagandaganda.

Nafunga duka mapema. Napitia Kibirizi kwanza kutafuta migebuka, halafu nitapiga hodi.