Mtoto mwenye usonji anakataa kila anachoambiwa, hata anachokipenda mwenyewe. Naombeni ushauri

Mama wa Makorora

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nina mtoto wa kiume wa miaka minane, tunakaa hapa Tanga mjini. Mwaka juzi daktari alituambia ana usonji. Anaongea vizuri, tena sana. Samaki wanaoshushwa pale Sahare anawajua wote kwa majina, na tofauti ya changu na tasi atakueleza mpaka ukimbie. Kwa hiyo mtu akimwona haamini kwamba ana tatizo. Anaona jeuri.

Shida ni kwamba ukimwambia afanye kitu, hafanyi. Kuoga, kuvaa sare, kula, hata kwenda chooni. Kwanza anageuza mazungumzo: "Mama, unajua pweza ana mioyo mitatu?" Ukirudia, miguu imekufa, hawezi kutembea. Ukirudia tena, yeye sasa ni paka, na paka haogi. Ukishikilia ndipo panapoharibika: kelele, vitu vinaruka, anajigonga kichwa ukutani, dada yake anang'atwa. Akimaliza analia na anataka kubebwa.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba anakataa hata anachokitaka. Atamsumbua baba yake wiki nzima ampeleke uwanja wa Mkwakwani kuangalia mpira wa Coastal. Siku ikifika, jezi iko tayari, baiskeli iko mlangoni, anajifungia chumbani. Na ukimsifu, "mashallah, leo umevaa mwenyewe", kesho havai.

Shikamoo ndiyo imetugombanisha na ukoo. Haamkii. Akisukumwa mbele ya wazee anawaambia, "Niamkie wewe." Mama mkwe anasema nimemdekeza, kesho yake anasema kuna kitu kimemkalia, tumpeleke mapangoni Amboni akafanyiwe tambiko.

Shuleni ndiyo ajabu. Mwalimu anasema ametulia, hana neno, ila haandiki, na kwa kutoandika huko amechapwa. Akirudi nyumbani, hata viatu hajavua, vurugu inaanza.

Baba yake amejaribu fimbo, mimi nimejaribu zawadi na chati ya nyota ukutani. Fimbo imezidisha, chati aliichana. Nauliza: huu ni usonji au ni kitu kingine? Na kesho asubuhi nifanye nini? Wenye povu mpite tu.

Kigogo wa Duga

Mleta uzi usinichukie. Mtoto anajua mioyo ya pweza halafu hajui kuoga? Huyo ameshawasoma. Sisi tulilelewa kwa mkwaju na tupo. Mpeleke shamba Muheza kwa baba yake mdogo mwezi mmoja, atanyooka.

Mgosi wa Mlalo

Mkuu Kigogo, mama kashasema fimbo imetumika na imezidisha. Unaagiza tena ileile?

Dada, pole. Wangu ni wa kike, yuko darasa la tano sasa. Yeye hakuwa paka, alikuwa mgonjwa wa tumbo. Kila saa moja asubuhi tumbo.

Nikwambie tulichofanya. Tulikaa mimi na mama yake tukaandika kila tunachomwambia mtoto kwa siku moja. Kaandikeni na nyie, mtashangaa. Nyumba zetu zinaendeshwa kwa amri: njoo, lete, shika, ondoka, salimia, nyamaza, nenda dukani, kalale. Mtoto mwingine hata hazisikii. Huyu kila moja inamkaba koo, na ikishafika ya kumi hakuna tena mtoto wa kuongea naye pale, kuna mtu anayeogopa. Ule ukelele unaouona siyo wa kudai pipi. Ni hofu. Ndiyo maana akimaliza anataka kubebwa.

Tukabakiza machache yasiyo na mjadala: barabara, moto, maji ya bahari, kutoumiza watu, dawa akiumwa. Mengine yote yakawa ya kuzungumzika. Kuoga kila siku? Joto la Tanga nalijua, lakini mtoto aliyefutwa kwa taulo lenye maji leo akaoga kesho hafi. Nguo ya kulalia na nguo ya mchana zikawa moja. Akitaka kulia chakula chini ya meza, sahani inamfuata chini ya meza. Majirani walicheka, wakachoka.

Na kusema kumebadilika. Sisemi "kaoge". Nasema kama najisemea, "Maji yashapata joto, yako kwenye ndoo ya bluu," halafu naondoka. Kuondoka ndiyo kazi yenyewe. Ukisimama mlangoni unamkodolea macho, umeamuru hata kama hujafungua mdomo. Kwa wako ningetumia samaki: ita tasi changu makusudi, atakuja mbio kukusahihisha, na wakati anakusahihisha mkono unaingia kwenye shati.

Sifa nazo punguza. "Umevaa mwenyewe" kwake maana yake kesho uvae tena. Mwambie jambo jingine kabisa, au kaa kimya, au msifu kwa mtu mwingine asikie kwa mbali.

Tiba kwa Vitendo

Mgosi amesema mengi, niongezee ya kitabibu.

Dada, unachoeleza kinafanana sana na hali ambayo Waingereza wanaifupisha PDA, yaani Pathological Demand Avoidance. Aliyeielezea kwanza ni mwanasaikolojia Elizabeth Newson wa Chuo Kikuu cha Nottingham, miaka ya 1980. Alikuwa akiletewa watoto wanaodhaniwa kuwa na usonji lakini hawafanani na picha iliyozoeleka: wanaongea, wanaigiza, wanajua kumzungusha mtu kwa maneno. Makala yake inayotajwa sana ilitoka 2003. Kiini chake ni kukwepa matakwa ya kawaida ya maisha kupita kiasi, na wanaofuatilia hali hii wengi wanaona chini yake kuna wasiwasi mkubwa. Takwa ni pamoja na lile linalotoka ndani ya mtoto mwenyewe: njaa, mkojo, hamu ya kwenda Mkwakwani. Ndiyo maana jezi inabaki kitandani.

Usiende hospitali ukitaka waandike herufi hizo kwenye cheti. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa 2013, haukuiweka kama ugonjwa unaojitegemea, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022 haina pia. Wataalamu wanavutana: wengine wanasema ni sura mojawapo ya usonji, wengine ni usonji uliochanganyika na wasiwasi, wengine hawataki jina hilo kabisa kwa kuwa linamfanya mtoto anayejitetea aonekane ndiye kasoro. Waache wavutane. Wewe kamweleze daktari kama ulivyotueleza hapa, pweza na paka na Mkwakwani, maana hiyo inasaidia kuliko jina.

Ila kabla ya kusema yote ni tabia, apimwe masikio, aangaliwe meno, choo kigumu, usingizi, na kama ana dalili za kifafa. Jino bovu linaweza kumgeuza mtoto yeyote. Anzia Bombo kwa kuwa ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikibidi uombe rufaa ya KCMC Moshi au Muhimbili. Tiba kwa vitendo, yaani occupational therapy, inafundishwa hapo KCMC, uliza kuhusu kelele, mwanga na nguo zinazomwasha. Wakati mwingine sare inakataliwa kwa sababu ya lebo ya shingoni tu.

Dawa: hakuna inayoondoa usonji. Zipo zinazotolewa kwa hasira kali, kama risperidone, na zina madhara, uzito kuongezeka ukiwemo. Uamuzi ni wa daktari aliyemwona mtoto, siyo wa muuza duka la dawa.

Kigogo wa Duga

Nimesoma. Lakini mnataka tulee mtoto asiyeambiwa kitu? Akikua ataajiriwa na nani, bosi atajisemea ukutani?

Kimya Kingi

Kaka Kigogo, nikujibu mimi. Nina usonji, ni mtu mzima, natengeneza simu na redio hapa mjini. Bosi wangu ni mimi, na hata mimi mwenyewe nikijiamuru nakwama. Asubuhi nikijiambia "leo lazima nimalize ile redio", hiyo redio haimaliziki. Nikikaa nayo tu bila kujiwekea lazima, kufika adhuhuri inaimba.

Utotoni, mtu mzima akiniambia neno kali nilikuwa nasikia moyo unanipanda, masikio yanaziba, kisha nasema lolote litakalomfanya aniache. Sikuwa nachagua. Bakora nilizipata nyingi na nilichojifunza ni kujificha vizuri zaidi.

Lakini nina neno kwa Mgosi pia. Msigeuze haya kuwa ujanja tu. Watoto hawa wananusa mtego. Akishagundua kwamba ndoo ya bluu ni ileile amri iliyovaa kanzu, ndoo ya bluu nayo itakataliwa, na atakuwa amepoteza imani na wewe juu yake. Kama kuna nafasi ya yeye kusema hapana, iwe nafasi ya kweli. Akisema sitaki, uweze kusema sawa bila kununa. Mimi nilianza kuoga bila vita siku ambayo hapana yangu ilianza kuheshimiwa.

Bi Mkubwa wa Mabawa

Mwanangu, la shikamoo niachie mimi.

Nina mjukuu wa namna hiyo. Haniamkii kwa mdomo. Anapita, ananigusa bega kwa kidole kimoja, anaenda zake. Mimi naitika "marahaba, mwanangu" kwa sauti, na waliopo wakisikia marahaba wanajua adabu imetimia. Sasa kaa na mama mkwe wako peke yenu, si mbele ya mtoto, si mbele ya mawifi. Usimwambie habari za Waingereza. Mwambie, "Mama, wewe ndiye mkubwa, nisaidie kumsitiri huyu." Mtu mzima akiombwa kusitiri hakatai. Akishika yeye, ukoo mzima utanyamaza. Na mwanao usimsukume mbele ya wageni. Apite mlango wa uani, salamu zake umfikishie wewe.

La Amboni, mimi sina ugomvi na dua. Asomewe nyumbani, amelala, hata hajui. Lakini mtoto anayepata hofu kwa kuambiwa oga, umwingize pangoni gizani, popo juu, watu asiowajua wamemshika? Hapana. Hilo mwambie baba yake aseme yeye kwa mama yake, wewe usilibebe.

Mwalimu wa Elimu Maalumu

Nimechelewa kuuona uzi. Nizungumzie shule.

Kutulia darasani kusikudanganye, wala kusikuumize ukadhani anawaheshimu walimu na kukudharau wewe. Anajikaza kutwa nzima, akifika kwa anayemwamini ndipo anaachia. Kwa hiyo akirudi, mpe saa nzima bila neno: hakuna "leo mmesoma nini", hakuna kuvua sare, chakula kiwe mahali anapokiona. Na madrasa kama inaanza muda huohuo, ongea na ustadhi aanze kwa siku chache au aingie amechelewa.

Kuhusu viboko: kanuni za mwaka 2002 zinampa Mwalimu Mkuu peke yake mamlaka hayo, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kutoandika imla siyo kosa hilo. Tena ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini usiende ukiwa umeishika sheria mkononi siku ya kwanza. Nenda na barua ya daktari, uongee na Mwalimu Mkuu, uulize kama yupo mwalimu aliyesomea chuo cha elimu maalumu Patandi au aliyewahi kufundisha kitengo maalumu. Omba mambo mawili tu: asichapwe kwa kutoandika, na aruhusiwe kujibu kwa mdomo au kuchagua swali la kuanzia. Ukiomba kumi utapewa sifuri.

Watu watakutajia shule ya Irente Rainbow ya Lushoto. Inapokea watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili. Ila kwa mtoto anayesoma na kuongea kama wako, na umbali huo, ningejaribu kwanza kuilainisha shule aliyopo.

Mama wa Makorora

Jamani nimelia na kucheka. Leo nimejaribu ya samaki. Nimemwita kolekole changu, amenisuta vibaya sana, na shati limevaliwa. Suruali imegoma, ameenda na ya nyumbani, nimeacha.

Ninachouliza bado ni barabara. Hapo mmesema hakuna mjadala, lakini barabara ndiyo anapokataa kushikwa mkono, na hapa kwetu bodaboda na baiskeli hazina breki.

Mgosi wa Mlalo

Isiyo na mjadala siyo lazima iwe ya kelele. Amri isitoke kwako. Wangu nilimwambia, "Barabara ina sheria yake, mtoto anavuka na mtu mzima, hata mimi siwezi kuibadilisha." Tukakasirikia sheria wote wawili. Kisha mpe la kuchagua ndani yake: mkono, au ashike begi lako, au ashike usukani wa baiskeli unayoisukuma. Ifanyeni kwanza siku ambayo hamna haraka. Na akianza kulipuka ukiwa tayari barabarani, mbebe, maneno acha, maana hapo hasikii.

Kigogo wa Duga

Sijakubali yote. Ila hilo la usukani wa baiskeli nitalijaribu kwa mtoto wa dada yangu, maana yule naye...

Bi Mkubwa wa Mabawa

Malizia, Kigogo. Naye nini? Ana miaka mingapi?