Fes au Marrakech: safari ya mji wa kale na jangwa, mngechagua ipi?

Bint_Chake

Assalaam alaykum wana jamvi. Novemba, inshaallah, nampeleka mama Morocco, na mdogo wangu wa kiume anaungana nasi. Tuna wiki moja na siku chache za kubanabana, likizo hairuhusu zaidi. Mama anataka kitu kimoja tu: kusali msikiti wa Qarawiyyin, Fes. Mdogo wangu anataka matuta ya mchanga, ngamia na kulala hemani. Mimi nataka wote wawili waridhike bila kumchosha mama, ambaye magoti yanamsumbua ila hapendi kuambiwa.

Kampuni zote nilizoziandikia zinanisukumia Marrakech, na ile safari yao ya "siku tatu jangwani", kwenda na kurudi. Nikiangalia ramani naona njia nne: Marrakech na Agafay, Marrakech na Zagora, Marrakech na Merzouga, au Fes na Merzouga. Mliokwenda, semeni.

NjiaPanda_DSM

Waalaykum salaam dada. Chagua mchanga kwanza, mji utafuata, maana hao jamaa wanauza sehemu tatu tofauti kwa picha ile ile.

Agafay iko kilomita 30 hadi 40 kutoka Marrakech. Ni nyika ya mawe na vilima vikavu, na ukibahatika unaona theluji ya milima ya Atlas kwa mbali. Matuta ya mchanga hakuna. Mdogo wako atapanda ngamia, atapiga picha, kisha atanuna mpaka mnarudi nyumbani.

Zagora ni kama kilomita 360. Unavuka Atlas kwa barabara ya Tizi n'Tichka inayopanda hadi mita 2,260, kona juu ya kona. Ukifika, vituta vya Tinfou unavimaliza kabla chai haijapoa. Matuta makubwa ya upande huo yanaitwa Erg Chigaga, lakini hayo yako mbele ya M'hamid, pale lami inapoishia, na kutoka hapo unahitaji gari la 4x4 na mgongo mzima.

Merzouga ndiko kwenye Erg Chebbi. Kuna matuta yanayofika mita 150 hivi, na lami inakufikisha hadi chini yake. Kutoka Marrakech ni kilomita 560, saa tisa au kumi barabarani. Kutoka Fes ni 460 na ushee, saa saba au nane. Chukulia Dar hadi Dodoma, ila hii ina milima katikati.

Ubaya wa ile safari ya siku tatu ni kurudi ulikotoka: mnashinda ndani ya gari, mnalala jangwani usiku mmoja, mnageuza. Ingieni Fes, mteremke Merzouga, mtokee Marrakech. Hamtapita barabara moja mara mbili.

Pwani_Msafiri

Mimi wa Mombasa niitetee Marrakech kidogo, naona anaonewa.

Umesema magoti. Medina ya Marrakech, yaani mji wa kale, ni tambarare. Ya Fes iko bondeni: ukiingia lango la Bab Boujloud unateremka kichochoro cha Talaa Kebira mpaka Qarawiyyin, na kurudi ni kupanda mwanzo mwisho. Ndani hamna magari, ni nyumbu na mikokoteni tu, na mwenye nyumbu akipiga kelele "balak!" unajibana ukutani. Marrakech teksi inamshusha mama karibu na uwanja wa Jemaa el-Fnaa, na kama hataki kutembea kuna magari ya farasi. Jioni anakaa na bakuli lake la supu ya harira, ngoma na wasimuliaji wanamjia wenyewe. Mnara wa Koutoubia, wa karne ya 12, una mita 77, kwa hiyo hata mkipotea mnauona. Lawama yangu ni moja: pikipiki zinapita hadi ndani ya vichochoro vya soko, na haziombi njia.

Halafu kuna treni. Casablanca hadi Marrakech haifiki saa tatu. Fes ni kama saa nne.

Bint_Chake

Hilo la mteremko limenitisha, kaka. Lakini Qarawiyyin ndiyo sababu ya safari. Nikimwambia mama tunaishia Marrakech atasema sawa mwanangu, na hiyo sawa yake naijua. Hakuna njia ya kufika karibu na msikiti kwa gari?

Furaha_Brussels

Ipo. Teksi ndogo nyekundu za Fes zinafika Place R'cif, kule chini bondeni, na kutoka hapo hadi Qarawiyyin ni mwendo mfupi tu, si wa kupanda mlima. Teksi hizo huchukua abiria watatu, si zaidi, nanyi mko watatu. Tafuteni riad, nyumba ya kale iliyogeuzwa ya wageni, upande huo wa R'cif na mwandike mapema kabisa kwamba mnataka chumba cha chini. Nyumba zile za kale ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na lifti usiiulize. Wengi hupanga karibu na Bab Boujloud kwa sababu ndiko kunakopigwa picha, kisha kila jioni wanaupanda ule mlima wakihema.

Mama akifika asikimbie. Msikiti umejengwa mwaka 859, na jengo lake linahusishwa na Fatima al-Fihri, ambaye familia yake ilitoka Kairouan. Wasio Waislamu huishia mlangoni, kwa hiyo watalii wengi huchungulia ua tu. Mpeleke wakati wa sala, nje ya hapo mnaweza kukuta milango imefungwa. Medina yote imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, lakini si makumbusho: watu wanaishi, wanaoka mikate, wanagombana na mafundi bomba.

Wale vijana watakaokwambia "njia hii imefungwa, nifuateni", endeleeni na safari. Haijafungwa. Mkitaka mwenyeji, riad iwaitie mwongozaji mwenye kitambulisho cha serikali, nusu siku inatosha. Kwenye karakana ya ngozi ya Chouara mnatazama kutoka kwenye mapaa ya maduka, na kufika huko juu ni ngazi tupu. Hapo mwache mama chini anywe chai ya nanaa. Mapipa ya rangi mtamwonyesha kwenye simu, na harufu itampita.

Baharia_Muscat

Sisi wa Oman mchanga tunao Sharqiya, saa mbili na nusu hivi kutoka mjini, kwa hiyo matuta hayanishangazi. Kilichonivuta mimi ni ile njia ya Fes kwenda kusini.

Ibn Battuta mnamjua: mwaka 1331 alipita Mombasa akafika Kilwa, akaandika habari za watu wetu. Miaka ishirini baadaye akatoka Fes kuelekea Sijilmasa, akakaa huko miezi kadhaa, akanunua ngamia na malisho yao, na Februari 1352 akaondoka na msafara kuvuka Sahara hadi Mali. Sijilmasa hiyo iko pale Rissani, kwenye barabara yenu ya Merzouga. Yamebaki magofu ya kuta za udongo, usitegemee zaidi. Aliporudi Fes, sultani Abu Inan ndiye aliyeamuru habari zake ziandikwe, na huyo huyo ndiye aliyejenga madrasa ya Bou Inania mtakayoiona Talaa Kebira. Mkipita Marrakech kwenda na kurudi, njia hiyo ya Fes mnaikosa.

Rissani soko linajaa Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Kuleni medfouna, mkate uliojazwa nyama na vitunguu. Na kusini ya Merzouga kuna kijiji cha Khamlia, wenyeji wake ni Wagnawa, wajukuu wa watu walioletwa kutoka ng'ambo ya Sahara, wengi wao kama watumwa. Ukienda kusikiliza ngoma yao, kaa, usiingie na kutoka. Mtu wa Zanzibar hiyo hadithi hahitaji kufafanuliwa.

Kuhusu mama: ngamia asimpande. Anaponyanyuka anakurusha mbele kisha nyuma, na mwenye magoti mabovu hapati pa kujishikilia. Kambi nyingi zina gari la 4x4 la kumfikisha mtu hemani, ulizeni kabla ya kulipa. Ila mimi ningempangia nyumba ya wageni ukingoni mwa matuta, Hassilabied au Merzouga penyewe: kitanda, maji ya moto, choo mlango wa pili. Kijana alale hema peke yake. Alfajiri mama anayaona matuta yaleyale kutoka barazani. Novemba usiku kuna baridi kali, mchana kunatuliza.

Na mwambieni mapema kwamba wenzetu kule wanafuata madhehebu ya Maliki. Ataona waumini wamesimama mikono imening'inia, asije akadhani wamesahau.

NjiaPanda_DSM

Naunga mkono la nyumba ya wageni. La baridi msilipuuze: tuliokwenda Fes Desemba 2025 kuishangilia Taifa Stars dhidi ya Nigeria tunazijua baridi za riad, zile nyumba zimejengwa kuukimbia joto.

Mkodi gari na dereva, mlale Midelt njiani. Mtapita Ifrane, mapaa yake utadhani Uswisi, kisha misitu ya mierezi karibu na Azrou yenye nyani wasio na mkia. Baada ya Midelt ardhi inakauka, halafu ghafla mnaliona bonde la Ziz chini yenu, mitende mitupu. Kutoka Merzouga kwenda Marrakech mnalala upande wa Tinghir au Dades, mnaona korongo la Todgha na ngome ya Aït Benhaddou. Dereva atadai gharama ya kurudi mtupu. Ni haki yake, ila mkubaliane kwa maandishi. Basi la usiku la Fes hadi Merzouga lipo na ni rahisi, lakini mnapita mazuri yote gizani.

Pwani_Msafiri

Sasa hesabuni, jamani. Fes usiku tatu, Midelt mmoja, Merzouga mbili, Dades mmoja. Inabaki nini kwa Marrakech? Usiku mmoja, mama akiwa hoi, mdogo mtu anakimbizana na uwanja kama mwizi. Mimi ndiye niliyeitetea, na sasa nasema iacheni. Ama muipe siku zake, ama msiende kabisa. Errachidia kuna uwanja wa ndege, kilomita 130 hivi kutoka Merzouga, na kuna ndege za kwenda Casablanca, ingawa si kila siku. Mnamaliza jangwani, mnaruka, mnaunganisha na ndege ya nyumbani. Siku mbili za barabara zimeokolewa.

NjiaPanda_DSM

Na Todgha? Aït Benhaddou? Unamkatia safari katikati, mkuu.

Pwani_Msafiri

Todgha haina magoti ya mama. Kama ni wewe na wenzako, nendeni.

Bint_Chake

Nimeamua, msigombane. Fes tunapanga R'cif, tunalala Midelt, Merzouga usiku mbili, mama nyumba ya wageni na kijana hemani, kisha Errachidia hadi Casablanca kama tarehe za ndege zitakubaliana na zetu. Zisipokubaliana, tunafuata njia ya NjiaPanda polepole na Marrakech tunaipitia tu. Mdogo wangu bado hajui kwamba Jemaa el-Fnaa imeondolewa, nitamwambia nikishalipa.

Pesa je? Nibadilishe hapa hapa?

Furaha_Brussels

Dirhamu kwa kawaida huipati nje ya Morocco. Beba dola au yuro, ubadilishe uwanja wa ndege kiasi cha kuanzia. Dola moja hucheza kwenye dirhamu 9 hadi 10. Kabla ya Merzouga toeni taslimu Erfoud au Rissani, wenye nyumba wengi huko wanataka noti mkononi.

Panga Ijumaa iwe ya Fes. Maduka mengi ya medina hufunga siku hiyo, hivyo hamna mtakachokosa. Mama asali Qarawiyyin, na baada ya sala kila nyumba inakula kuskusi. Mwambieni mwenye riad tangu jana yake awapikie, maana haipikwi kwa dakika tano. Na suala la viza lishughulikie kabla hujalipa tiketi hata moja, kwenye tovuti rasmi ya serikali yao, si kwa mawakala.