Mnaofanya kazi kwenye nyumba za bei nafuu Dodoma: mkishakabidhi funguo mnakutana na nini? Tupeane uzoefu

Afisa Miliki wa Makole
Wakuu, habari za jioni. Kuna watu wanaamini kazi yetu ni kupita na daftari mwanzo wa mwezi kudai kodi, basi. Nimeona nianzishe uzi ili sisi tunaoshinda kwenye haya majengo tusimulie yanayotukuta. Mafundi, watu wa ustawi, watu wa mikopo, walinzi, wenyeviti wa mitaa, karibuni wote.

Mji wenyewe mnaujua. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia kweli, CDA, ile mamlaka ya kustawisha mji, ikavunjwa 2017, mwaka uliofuata tukawa jiji, na chumba cha Chang'ombe au Nkuhungu kikawa kitu cha kugombewa. Anayehangaika si mkurugenzi. Ni mlinzi wa ofisi za serikali kule Mtumba, mhudumu wa ofisi, mwalimu wa ajira mpya, mama lishe wa Sabasaba. Hao ndio wapangaji wetu, na wanahamia na shida zao zote, si godoro na jiko tu.

Naanza na maji. Jengo moja ninalosimamia lina ghorofa tatu, simtanki liko chini, pampu inapandisha juu. Siku ya mgao, wa chini wanachota, wanafua, wanajaza mapipa. Jioni wa juu akifungua koki inakoroma tu. Nikamkuta mama wa ghorofa ya tatu kakaa kwenye ngazi, dumu la lita 20 katikati ya miguu, kanga imelowa mpaka magotini, anamwambia jirani yake: "Wewe unafua mapazia, mimi sina ya kumwogeshea mtoto." Wa chini anajibu kwamba kodi wanalipa sawa. Na ni kweli wanalipa sawa! Hebu nitafutieni kifungu cha mkataba kinachomaliza ugomvi huo.

Tuliitana chini ya mwarobaini. Tukakubaliana pampu iwashwe alfajiri, tanki la juu lijae kwanza, ndipo koki ya uani ifunguliwe. Ufunguo wa chumba cha pampu tukamkabidhi mama yule yule wa ghorofa ya tatu. Ofisini walitaka tufunge mita za maji kila mlango. Mita zilikuja baadaye, ila zilikuta watu wameshaacha kununiana.

Fundi Koki
Mkuu umegusa kidonda changu. Wanaochora ramani wakiwa Dar wakumbuke kwamba maji ya Dodoma yana chumvi. Tunakunywa ya visima, Mzakwe huko, hatuna mto. Fungua hita iliyotumika miaka miwili uone: koili imevaa ukoko mweupe kama ganda la yai, unaigonga na bisibisi, vinadondoka vipande. Koki za bei ya kutupa ndiyo kabisa, mwaka hauishi. Mjenzi anasema kapunguza gharama, kumbe kamsukumia mpangaji. Ningekuwa na sauti ningesema acheni jipsamu ya dari, wekeni koki za shaba.

Kingine ni chemba. Maji yakiwa ya mgao mtu anamwaga kikopo chooni, uchafu hausafiri. Na kuna waliozoea choo cha shimo, gunzi nalo linaingia humo humo. Siwacheki. Nikienda kuzibua naita familia nzima, nafungua mfuniko mbele yao. Tangazo la ukutani hakuna anayelisoma, lakini harufu ile lazima ikukumbushe.

Mdau wa Kizota
Bei nafuu kwa nani? Mimi ni mlinzi. Nikipiga hesabu ya hizo nyumba za kuuza, nitamaliza deni nikiwa marehemu. Tuacheni utani.

Afisa Miliki wa Makole
@Mdau wa Kizota, sikubishii. Nyumba za kuuza na nyumba za kupanga ni vitu viwili, na wanasiasa wanavichanganya makusudi. Kiwanja kikiwa ghali, na mjenzi akabebeshwa barabara, bomba la maji na nguzo za umeme, hata ukitumia tofali za kufungamana utaokoa saruji kidogo, bei haitamfikia mlinzi. Kwa mtu wa kipato chako cha kupigania ni chumba cha kupanga chenye choo kizuri na kodi ya mwezi mwezi. Hii ya kudaiwa miezi sita au mwaka mzima mkupuo, pamoja na ya dalali juu, ndiyo inayowarudisha watu kwenye mapagale.

Dada wa Ustawi
Mimi ni afisa ustawi wa jamii, naitwa kwenye makazi hayo mambo yakishaharibika. Nitasimulia moja tu, nyingine ni za siri za watu.

Kijana mmoja alipata nyumba ghorofa ya pili, akamleta mama yake kutoka Bahi. Bibi kaja na kinu chake. Alfajiri anatwanga uwele. Jirani wa chini ni nesi, ndiyo kwanza katoka zamu ya usiku. Siku ya kwanza alivumilia, ya pili akagonga dari na ufagio, ya tatu akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, barua ikaandikwa, kijana akatishiwa kuondolewa.

Nilipofika nikamsalimu bibi kwa Kigogo, mbukwenyi, akaitikia bila kuniangalia. Nikakaa. Baada ya muda ndipo akaniambia: mjukuu wangu hali ugali wa sembe, na mimi humu ndani sina mtu wa kuongea naye, kinu ndicho kinanisikia. Unga wa uwele kwenye mashine upo, kila mtu anajua. Bibi alikuwa mpweke, na kwenye barua ya mwenyekiti hilo halikuandikwa.

Tuliomba kona nyuma ya jengo, karibu na kamba za kuanikia nguo. Kinu kikashuka, muda ukawa saa nne asubuhi. Wiki hazikupita nyingi kina mama wengine wakaanza kushuka na vyao. Leo bibi anajua mtoto gani hajaenda shule, nani kafungiwa ndani peke yake, nani anapigwa. Kuna taarifa ilinifikia kwa mdomo wake kabla haijafika dawati la jinsia. Ninyi mnaochora majengo, muwe mnaacha na mahali pa watu kukaa. Kila penye nafasi mnaweka maegesho ya magari ambayo wapangaji hawana.

Na kwa wote: mkiona mtoto anateswa, piga 116, ni bure. Msisubiri kikao cha wapangaji.

Mzee wa Mkonze
Dada ubarikiwe. Ila mmesahau mchwa. Dodoma ukijenga bila kupiga dawa ya mchwa kwenye msingi, fremu za mbao zitaliwa kabla hujamaliza deni.

Mpangaji wa Ipagala
Naomba kuuliza kwa wanaojua. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mimi ni mpangaji, nikinunua umeme mwanzo wa mwezi inaliwa. Si ya mwenye nyumba hii?

Afisa Miliki wa Makole
Ni ya mwenye nyumba, kaka. Utaratibu wa LUKU ulianza 2021, nyumba ya kawaida ikawa shilingi 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda hadi 1,500. Ghorofa zina hesabu yake. Kwa kuwa mita unaitumia wewe, mfukoni inatoka kwako. Tunza meseji za tokeni, mwisho wa mkataba mkatane kwenye kodi ya pango. Kama mnachangia mita watu watatu, kubalianeni kwa maandishi, maana anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayeumia.

Karani wa Mikopo
Kwangu ni karatasi. Mtumishi anakuja na salari slipi, makato yameshajaa: mkopo wa bodaboda, mkopo wa ada, kikoba. Tunatafuta nafasi ya kupenyeza nyumba. Hapo tunaelewana. Ugumu unaanza ninaposema mlete mwenza wako asaini ridhaa. Sheria ya Ardhi inataka hivyo nyumba ya familia ikiwekwa rehani. Mzee mmoja aliniuliza, "Mke wangu anahusikaje na mshahara wangu?" Nikamjibu, mshahara ni wako baba, ila ukishindwa kulipa, anayetolewa nje na vyombo ni nyote wawili. Alirudi naye wiki iliyofuata. Mama kausoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, kauliza kuhusu bima ya mkopo, swali ambalo mzee hakuwa nalo kabisa. Siku hizi nikiona mume kaja peke yake simfungulii hata faili.

Mama Katibu wa Jengo
Mimi siajiriwi na mtu, nimechaguliwa tu na wapangaji wenzangu. Swali kwa Afisa: mchango wa huduma kwetu kila mwezi ni kelele. Watu wanasema wasimamizi tunakula. Ninyi mmefanyaje?

Afisa Miliki wa Makole
Dada, kwenye majengo yaliyouzwa kwa vyumba kuna sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, wenye nyumba wanatakiwa wawe na umoja wao, wenye akaunti yake. Kama ni ya kupanga kama kwetu, bandika karatasi pale getini kila mwisho wa mwezi: umeme wa pampu, mlinzi, gari la taka, kuzibua chemba, salio. Risiti zichomeke hapo hapo kwa pini. Na anayeshika pesa asiwe anayefanya manunuzi. Kwetu wanaodaiwa tunawaandika kwa namba ya mlango bila jina. Wa kwanza kulipa alikuwa mlango namba 4, usiku ule ule.