Mafundi wa seva Mbeya na Iringa, wepesi gani huu wa kukata mpaka saa?

Wakuu, tumechoka. Kuanzia Uyole mpaka Mafinga mteja anakabidhiwa seva ya Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), fundi anajisifu kwamba ameifunga "nyepesi", kumbe amenyofoa na vinavyohitajika.

Saa ndiyo kero kubwa. Mkizima mapendekezo ya apt (chombo cha Debian cha kuweka programu) kwa APT::Install-Recommends "false", systemd-timesyncd, huduma ya kusawazisha saa kwa mtandao, inaweza isije kabisa, kwa sababu systemd (programu inayoendesha huduma za mashine) inaipendekeza tu, haiitegemei. Sasa mashine yenyewe ni ya mtumba, betri ya CR2032 kwenye madabodi ilishakufa. Umeme ukikatika Tukuyu kwa mvua (na lini hainyeshi Tukuyu?), saa inarudi nyuma miaka. Umeme ukirudi, vyeti vya HTTPS (uthibitisho wa tovuti salama) vinakataliwa eti muda wake haujaanza, na apt update inagoma: "Release file is not valid yet". Mteja anaambiwa mtandao mbovu, ananunua bando jingine!

Pigeni timedatectl, amri ya kuonyesha hali ya saa. Mstari wa NTP service ukionyesha n/a, huduma ya saa haipo. Rekebisheni saa kwa mkono, date -s, maana bila hivyo apt update haipiti. Ndipo mweke systemd-timesyncd. Hiyo hutunza wakati wa mwisho kwenye diski, kwa hiyo hata intaneti ikichelewa saa hairudi nyuma miaka. Na betri badilisheni, jamani, ni kitu cha kushikwa kwa vidole viwili.

Halafu fail2ban, programu ya kuwafungia wanaobahatisha nenosiri la seva. Mnaiweka, mnaondoka bila kuangalia kama imewaka. Debian 12 haileti rsyslog (programu ya kuandika kumbukumbu kwenye mafaili) yenyewe, kwa hiyo /var/log/auth.log, faili la kumbukumbu za wanaoingia, haipo; fail2ban inaitafuta, inaikosa, inalala. Seva iko wazi, mteja anadhani analindwa. Kwenye /etc/fail2ban/jail.local, chini ya [sshd], andikeni backend = systemd ili isome kumbukumbu za systemd badala ya faili hilo, na muweke python3-systemd.

Wale wa kuweka GNOME (dekstopu nzito) kwenye RAM ya GB 2 nao wamo. Wakati wa kufunga Debian, kwenye ukurasa wa kuchagua programu toeni alama zote za dekstopu, bakizeni "SSH server" na "standard system utilities". Nenosiri la root (mtumiaji mkuu) liacheni wazi. Mkilijaza, sudo (amri ya kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root) haiwekwi.

Atakayekabidhi seva kesho aizime, achomoe waya mbele ya mteja, asubiri dakika kumi, aiwashe, kisha aonyeshe timedatectl na systemctl status fail2ban. Malipo baada ya hapo.